Siku Ukungu wa Mamba Ulipoumeza Mpira

Wenzangu wa chumba cha matangazo, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na mkaniomba niandike niliyoyaona kazini. Saa nimeitundika sebuleni. Inakwenda mbele kidogo, nadhani kwa kuzoea kukaa na watu wa redio wanaoogopa kuchelewa. Maandishi ndiyo haya. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na vilikuja kwa kujikokota. Nitawaeleza nilivyoingia kwenye kazi ya kutangaza mpira, nani alinifundisha, na alasiri moja kule Mamba, kijiji cha milimani, ambayo hadi leo nikiikumbuka mwili unanisisimka.

Mimi ni mtoto wa Myamba, kwenye milima ya Same, lakini kazi niliianzia tambarare, kwenye shamba la mkonge chini ya milima. Ilikuwa miaka ile ya shida. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na unga wa njano ambao watoto waliulilia kabla haujapikwa na wakaulilia tena ulipoiva. Niliajiriwa kusoma zamu za wafanyakazi kwenye kipaza sauti. Zilikuwa spika mbili za tarumbeta juu ya nguzo, moja ikielekea kambini, nyingine ikielekea korona. Najua siku hizi jina hilo linawashtua watu, lakini kwetu korona lilikuwa jengo la mashine ya kusindika mkonge, na kelele zake ndizo zilizotulaza na kutuamsha.

Kambi ilikuwa na watu wa kila pembe ya nchi: wa Kigoma, wa Songea, wa Singida, na sisi wenyeji wachache tuliokuwa tukichekwa kwa Kiswahili chetu cha milimani. Jumapili timu ya shamba ilicheza mpira, nayo ikaitwa Korona vilevile. Waliokuwa mapumzikoni walikwenda uwanjani. Waliokuwa zamu kwenye mashine, wagonjwa wa zahanati na kina mama waliobaki jikoni walisikiliza spika. Aliyewatangazia alikuwa Mzee Bukuru, mtu wa Kigoma, mtunza stoo siku sita za wiki na mtangazaji siku ya saba.

Siku moja alikuja mlangoni kwangu akiwa na mafua.

"Nakijwa, sauti yako nyembamba inakata kelele za mashine. Yangu nzito inazama humohumo. Jumapili uje uwanjani."

"Mzee, mpira siujui."

"Ndiyo vizuri. Hujauzoea kiasi cha kuudanganya."

Jumapili hiyo nilipanda kwenye tela la trekta, mahali petu pa kutangazia. Waya mrefu ulitoka pale hadi kwenye nguzo. Alinikabidhi maiki, mchezo ukaanza, nami nikapiga kelele: "Mpira unakwenda kulia!" Mzee Bukuru akaninyang'anya maiki na kuizima.

"Kulia kwa nani?"

"Kwangu, mzee."

"Na yule aliyelala zahanati mguu umefungwa bendeji, kulia kwako anakujuaje?"

Tangu hapo sikusema tena kulia wala kushoto. Tulisema upande wa reli na upande wa mlima, lango la kambini na lango la makaburini. Walinda mlango hawakulipenda jina hilo la mwisho, lakini makaburi yalikuwepo pale na kila aliyesikiliza aliyajua. Ukisema mpira umetoka mlimani unaelekea makaburini, mtu aliyekuwa akisukuma toroli la mkonge ndani ya korona aliuona kabisa.

Hilo ndilo lililonishangaza mwanzo, nami sioni haya kulisema. Nilikuwa nimedhani mtangazaji ni mtu wa maneno mengi. Kumbe ni mtu anayeazima macho yake kwa mwingine, na mwingine huyo hana njia ya kuyakagua. Mzee Bukuru alikuwa na sharti moja tu la kazi, akilirudia kila tulipounganisha waya: usitangaze usichokiona. "Aliyeko uwanjani ukimdanganya atakuzomea," alisema. "Aliyelala kitandani ukimdanganya atakushukuru. Huyo ndiye wa kumwogopa."

Vifaa vyetu mngeviona mngecheka. Umeme wetu ulitoka kwenye betri ya trekta, nayo ilipoanza kuchoka sauti yangu ilitoka kwenye spika kama ya mtu anayekabwa. Mpira ulishonwa kwa kamba ya mkonge mpaka ukawa na kona. Nyavu za magoli zilisukwa na wafanyakazi kwa mkonge uleule, na naapa sijaona nyavu imara kama zile, maana kuna mshambuliaji alinasa humo ikabidi afunguliwe. Jezi hazikuwepo. Timu moja ilivaa mashati, nyingine ilibaki vifua wazi, na mvua ikinyesha wote wakawa rangi ya tope. Nikajifunza kumtambua mchezaji kwa mwendo wake. Mpaka leo namtambua mtu sokoni akiwa mbali, kabla sijaona uso wake, jambo ambalo limewakera wengi waliotaka kunikwepa.

Siku moja kundi la ng'ombe wa wafugaji liliingia katikati ya uwanja na kugoma kutoka. Nikanyamaza, nikisubiri mpira uendelee. Mzee Bukuru akanigusa bega.

"Mbona umenyamaza?"

"Mchezo umesimama, mzee. Kuna ng'ombe tu."

"Unawaona?"

"Nawaona."

"Sasa tangaza ng'ombe."

Nikawatangaza. Nilieleza rangi zao, fahali aliyekuwa akiunusa mpira, na mwamuzi aliyemkimbia. Nasikia kule korona walicheka hadi msimamizi akatoka ofisini.

Kisha zikaja zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Same yakajaa sabuni za kila harufu, kaseti zikapigwa kila kibaraza, na mitumba ikashuka kwa marobota. Wachezaji wetu walipata jezi hatimaye, ila kila mtu aliokota yake kwenye rundo. Tulikuwa na namba kumi watatu katika timu moja, na mlinda mlango mwenye maandishi ya kigeni kifuani ambayo hakuna aliyejua yanasema nini. Niliendelea kuwatambua kwa mwendo.

Zama hizohizo ndizo zilizoiondoa mashine. Shamba likapata mmiliki mpya, mmiliki akapunguza watu, akapunguza tena, mwisho kelele za korona zikakatika asubuhi moja na hazikurudi. Wengi walirudi kwao. Waliobaki wakahamia mjini Same, wakauza mitumba, vitunguu, mafuta ya taa ya kupima. Wachezaji walibaki na timu yao na jina lake. Kitu pekee cha shamba kilichokuwa bado kinakimbia kilikuwa timu hiyo.

Mzee Bukuru naye alibaki, kwa sababu alikuwa ameoa kwetu. Mkewe, Mama Eliza, ni mwenyeji wa Ngujini, mama mcheshi asiyejua chochote kuhusu mpira na asiyetaka kujua. Walijenga kibanda nyuma ya soko. Haukupita muda mrefu kiharusi kikamwangusha mzee, kikachukua upande wake wa kulia na maneno yake yote. Nilikwenda kumwona nikamkuta amelala anatazama bati. Nikamwambia shikamoo, naye akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Nilitoka nje nikalia nimeegemea ukuta. Mtu aliyewapa wengine macho kwa miaka yote ile, leo hata marahaba hana.

Wakati huo kituo kidogo cha redio cha mtu binafsi kilikuwa kimefunguliwa pale mjini. Nikaomba kazi, nikapewa kusoma matangazo ya vifo, kwa kuwa sauti yangu, kwa maneno ya mwenye kituo, ilikuwa na huzuni ya asili. Kila juma nilimwomba nafasi ya kutangaza mpira. Kila juma alisema mpira ni kazi ya wanaume. Hatimaye fainali ya wilaya ikawa kati ya Korona na timu ya Mamba, ichezwe kulekule Mamba, na mtangazaji wake wa kiume hakutaka kupanda mlima.

"Haya, nenda wewe," alisema. "Mchezo mmoja. Kukiwa na ukimya hewani, narudisha muziki, na wewe unarudi kwenye vifo moja kwa moja."

Nilikwenda kumwambia Mzee Bukuru kabla sijamwambia mtu mwingine. Mama Eliza akatia betri mpya kwenye redio na kuiweka kwenye stuli karibu na mto. Mzee akakishika kidole changu kwa mkono wake wa kushoto, akakibana kwa nguvu. Sasa yeye ndiye aliyekuwa kitandani. Nilielewa hivyo bila kuambiwa, na nilitoka pale nikiwa na hofu ambayo mwenye kituo hakuweza kunitia.

Tulipanda Mamba kwa lori lililokuwa likifuata tangawizi, mimi na fundi mitambo wa kituo, Abdi, kijana mpole aliyefumba macho kwenye kila kona ya barabara. Alibeba redio ya upepo, ile ya kuitana. Ukibonyeza kitufe unasema, na kituoni Same wanakuchukua wanakurusha hewani. Ukikiachia, kimya. Abdi akasimamisha mlingoti wa waya kando ya uwanja wa shule nami nikapewa kiti.

Kwanza niliusoma uwanja kama nilivyofundishwa. Huku kanisa, ng'ambo migomba. Lango moja la bondeni, lingine la msituni. Kipindi cha kwanza jua lilikuwa kali na kazi ikaenda vizuri, nikiwafuata wachezaji wa Korona niliowajua kwa miguu yao, na wa Mamba niliowasoma asubuhi wakipasha misuli. Hakuna aliyefunga. Abdi aliniambia kituoni wamefurahi.

Kipindi cha pili ukungu ukashuka kutoka msitu wa Shengena. Mimi ni wa milima hiyo na ukungu naujua, lakini sikuwahi kuutazama nikiwa na maiki mkononi. Ulianza kwa kulimeza lango la msituni. Ukala migomba. Ukashika kanisa, halafu wachezaji wenyewe, mmoja mmoja, mpaka nikawa natazama shuka jeupe. Mwamuzi alisimamisha mchezo. Manahodha wote wawili wakamsihi, maana lori la kuwarudisha Korona lilikuwa la siku hiyo tu, na yeye akiwa katikati aliweza kuuona mpira alipoukaribia. Akapuliza filimbi uendelee. Nilisikia mpira ukipigwa. Ulikokwenda sikujua.

Nikakiachia kitufe.

"Mama, hewani kimya," Abdi akasema. "Mwenye kituo atarudisha muziki sasa hivi."

"Sioni kitu, Abdi."

"Tunga tu, mama. Sema mpira uko katikati. Nani atajua?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananihurumia. Na ningeweza, maneno ya mpira nilikuwa nayo tele. Lakini nilimwona mzee na redio yake kwenye stuli. Yeye asingejua, na hilo ndilo lililonizuia. Angenishukuru.

Ndipo nikasikia makofi. Machache, upande wa kanisa. Yakakoma, yakaanza mbele kidogo, yakakoma, yakaanza ng'ambo kwenye migomba. Karibu nami alikaa mama mmoja mkulima wa tangawizi, kwenye kipande cha gunia, naye ghafla akapiga makofi mara chache na kuacha.

"Mama, shikamoo. Mnashangilia nini?"

"Marahaba. Hatushangilii, mwanangu. Huku ukungu ukishuka tunapigiana. Mpira ukipita mbele yako unapiga, ukishapita unaacha. Wa ng'ambo wanajua ulipo."

"Na goli?"

"Walio nyuma ya lango wanapiga wote kwa pamoja, wasiache."

"Hata wakifungwa wao?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Sasa wa ng'ambo watajuaje?"

Nikabonyeza kitufe. Nikasema: "Wasikilizaji, ukungu umefunika uwanja wa Mamba. Sioni mpira, sioni mchezaji. Lakini watu wa Mamba wanaupigia makofi kila unapopita, nami nitawaambia unaposikika. Sikilizeni." Nikanyoosha maiki kuelekea ukungu.

Wenzangu, nimekaa kwenye viwanja vingi tangu hapo, vyenye taa na majukwaa. Sijaona kitu kama kile. Uwanja mzima ulikuwa umegeuka sikio moja. Hapakuwa na kelele za bure, hapakuwa na mzomeo, kwa sababu kila mmoja alihitaji kumsikia mwenzake. Makofi yalitembea. Yalizunguka kanisani, yakavuka, yakapotea katikati kusikokuwa na watu, na wote tukatega masikio mpaka yalipoibuka bondeni. Mimi nilisema tu: "Kanisani. Bado kanisani. Umepotea katikati. Migombani!" Maneno machache kuliko yote niliyowahi kusema kazini.

Halafu makofi yakaanza upande wa kanisa, ya haraka, yakielekea msituni. Lango la msituni kipindi kile lilikuwa la Mamba wenyewe. Korona walikuwa wanashambulia. Nikawaza, sasa watanyamaza. Ni nani asiyenyamaza timu yake inapoumia, na hakuna anayemwona? Makofi hayakupungua. Walimpigia adui njia nzima, hatua kwa hatua, mpaka kwenye mlango wa nyumba yao. Kukawa na kimya. Kisha nyuma ya lango la msituni yakalipuka makofi ya wote pamoja, mazito, yasiyokoma, ya watu waliokuwa wamefungwa goli na wakawa wanawaambia wa ng'ambo ukweli.

"Goli," nikasema. "Goli la Korona. Na wanaotuambia ni Mamba."

Mama wa gunia naye alikuwa akipiga makofi huku machozi yamemjaa machoni. Baadaye aliniambia mlinda mlango alikuwa mwanawe.

Mchezo uliisha hivyohivyo, kwa goli lile moja, na kombe likashuka na timu ya shamba lisilokuwepo tena. Muziki haukurudishwa. Abdi alikuwa ameushika mlingoti kwa mikono yote miwili, ingawa upepo haukuwepo.

Kesho yake asubuhi nilikwenda nyuma ya soko. Mama Eliza alikuwa nje anapepeta mchele.

"Huyo mzee wako jana hakula," alinilalamikia. "Kajikausha na redio yake, namwita hata hageuki. Tena redio yenyewe ilikuwa makofi matupu. Nikadhani imeharibika, nikataka kuizima. Alinitolea macho!"

Nikaingia. Mzee Bukuru alikuwa amelala vilevile, akitazama bati. Nikamwamkia, nikavuta stuli. Nilitaka kumuuliza kama nilifanya sawa. Sikujua mtu asiye na maneno anaulizwaje swali kama hilo.

Mkono wake wa kushoto ukanyanyuka. Akagonga ubao wa kitanda, taratibu, chini karibu na paja. Akaacha. Akagonga juu kidogo. Akaacha. Nikadhani anataka maji. Akanitazama kwa ukali ule wa zamani wa juu ya tela, akaanza upya kulekule chini, na safari hii nikaelewa mkono ulikokuwa unakwenda.

"Kanisani," nikasema.

Akagonga mbele.

"Bado kanisani. Unakwenda msituni. Wanakimbia, mzee, wanakaribia."

Mkono ukasimama hewani. Nami nikanyamaza, kwa sababu hapo sikuwa nimeona kitu wala kusikia kitu. Tulisubiri hivyo, mimi na yeye. Kisha akaupiga ubao kwa kiganja chote, akapiga tena na tena bila kuacha, mpaka redio ikatikisika juu ya stuli nyingine, na uso wake, nusu iliyokuwa hai, ukawaka.

"Goli, mzee," nikamwambia.

Mama Eliza akachungulia mlangoni, ungo mkononi.

"Nyie mna nini humo? Nani kafunga?"

Mzee Bukuru alikuwa bado anapiga. Akaninyooshea kidole nimwambie.